Jinsi ya kuchagua fimbo ya kuvulia krapi na blugili kwenye barafu: anza kuangalia ncha

Kila barafu ikianza kushika kwenye maziwa ya huku Minnesota na Wisconsin, Marekani, na watu wakianza kutoboa matundu wavulie humo, maswali yanarudi yaleyale: ninunue fimbo ya urefu gani, hii niliyonayo ya kiangazi si inatosha, mbona jirani anatoa samaki na mimi sipati hata mguso. Nimeshajibu mara nyingi sana mmoja mmoja, sasa naandika yote sehemu moja ili ukifika dukani ujue unatafuta nini.

Naongelea panfishi tu hapa, yaani wale samaki wadogo wa maji baridi wanaoingia kikaangioni wazima wazima: blugili na ndugu zake wa jamii ya sanfishi, krapi, na pechi wa njano. Blugili ukimtazama kwa mbali unaweza ukadhani perege, na pechi usimchanganye na sangara, huyu ni wa kiganja, inchi 7 au 8 au 9 hivi, ukipata wa 12 unapiga picha. Kama unataka kuvua wolai au paiki, wale samaki wakubwa wanaowinda wenzao, mwongozo huu sio wako, na ukifuata ya humu utavunja fimbo.

Kitu kimoja nakuomba ushike kabla hatujaenda mbali. Fimbo ya panfishi kazi yake kubwa sio kumvuta samaki, samaki mwenyewe ana robo kilo, utamvuta hata kwa mkono. Kazi yake ni kukuonyesha kwamba samaki ameweka chambo mdomoni. Ni jicho lako chini ya barafu. Na jicho lenyewe ni ile ncha, inchi 4 au 5 za mwisho.

Hili nililijua kwa uchungu. Msimu wangu wa kwanza nilinunua fimbo ngumu, nzuri kabisa kwa macho, nikakaa kwenye maji ya futi 6 asubuhi nzima bila kitu. Mwisho nikalala kifudifudi kwenye barafu nikajifunika jaketi kichwani nikachungulia tunduni, maji yalikuwa meupe unaona mpaka majani ya chini. Nikamwona blugili anakuja taratibu, anasimama mbele ya kijigi (kile kindoano chenye kichwa kizito cha chuma), anakifyonza chote mdomoni, anakitema. Akarudia tena. Mara tatu! Na mkono wangu wa kulia umeshika fimbo, sikusikia chochote, na mwenzangu niliyemwambia aangalie ncha akasema haijatikisika. Basi tangu siku hiyo mtu akiniuliza fimbo namuuliza kwanza kuhusu ncha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaenda dukani

- Vijigi vyako utakavyovulia kweli, viwili vitatu. Vya tangsteni (chuma kizito) milimita 3, 4 na 5 vinatosha. Hivi ni lazima, utaona kwanini kwenye hatua ya 4.
- Kipande cha mshipi wa paundi 3 (hiyo ni nguvu yake kabla ya kukatika), kama futi 2 hivi.
- Glavu utakazovaa siku ya kuvua, sio za kuendeshea gari.
- Bajeti. Kombo ya kuanzia, fimbo na rili (kile cha kukunjia mshipi) pamoja, kwa kawaida utaipata dola 25 mpaka 40. Fimbo peke yake nzuri zaidi inaanzia kama dola 50 na za kutengenezwa kwa oda zinapita 100. Ya kuanzia inatosha kabisa ukichagua vizuri, nasema kwa moyo mmoja.
- Leseni ya kuvua kama una miaka 16 au zaidi, na sheria za jimbo lako. Minnesota unaruhusiwa mishipi miwili kwenye barafu, Wisconsin mitatu, kwahiyo usinunue fimbo nne kwa mkupuo. Idadi ya samaki kwa siku nayo inatofautiana ziwa kwa ziwa, soma kabla.

Na hili sio la fimbo ila siwezi kuliacha: barafu mpya iliyo wazi inatakiwa iwe angalau inchi 4 ndo utembee juu yake kwa miguu. Ile nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni kama nusu, kwahiyo zidisha mara mbili. Pima mwenyewe unavyoenda, usifuate nyayo za mtu.

Hatua

1. Amua samaki gani na kina gani

Usiseme "wote". Blugili mwanzoni mwa msimu yuko kwenye majani, futi 5 mpaka 10, mdomo wake ni mdogo kama tundu la kifungo cha shati na anafyonza kwa upole. Krapi mara nyingi ameelea katikati ya maji kwenye mabonde ya futi 20 na zaidi, mdomo mkubwa ila ngozi yake nyembamba kama karatasi, inachanika. Pechi anakaa karibu na chini na yeye anagonga kweli kweli, huyu hata fimbo ya wastani itakuambia. Chagua mmoja utakayemfuata zaidi, fimbo ya pili utanunua mwakani.

2. Amua utakaa wapi, hapo ndo urefu unatoka

Ndani ya hema unakaa karibu na tundu na paa liko chini, chukua inchi 24 mpaka 27. Nje juu ya ndoo, au unatembea tundu hadi tundu, inchi 28 mpaka 32 zinafaa. Ukipenda kuvua umesimama zipo za 36 na kuendelea, mgongo utakushukuru, ila ndani ya hema zinakera. Kama hujui kabisa utakaa wapi, chukua 28 uendelee na maisha, urefu sio kitu cha kukunyima usingizi.

3. Soma herufi kwenye fimbo, halafu usiziamini sana

Karibu na mpini kuna maandishi. UL ni ultralaiti, L ni laiti, ML ni midiamu laiti, M ni midiamu. Kwa blugili tafuta UL, kwa krapi UL au L, kwa pechi wa maji marefu L inatosha na ML ni mwisho. Tatizo ni kwamba hamna kipimo kimoja cha viwanda vyote, UL ya huyu ni L ya yule, nimeshashika fimbo mbili za UL moja ikiwa laini kama unyasi na nyingine unaweza kukorogea chai.

Herufi zinasema nguvu tu. Kitu cha pili ni inakunjika wapi, wauzaji wanaita aksheni. Fimbo ya aksheni ya haraka inakunjika nchani peke yake, chini ni ngumu. Ya polepole inakunjika kuanzia nchani mpaka katikati au hata karibu na mpini, zile laini kuliko zote zinachezacheza kama tambi mbichi. Sasa zipi kwa nani:

Blugili na tangsteni nataka ncha laini sana ila katikati pawe na uti, kwasababu ukiona mguso unainua kiganja kidogo tu na ndoano inatakiwa iingie hapohapo kabla hajatema. Krapi nataka fimbo inayokunjika zaidi, ya polepole, maana ukimkita kwa nguvu unamchana mdomo na unabaki na kipande cha ngozi kwenye ndoano, fimbo laini inakusamehe. Ndo maana nimesema hatua ya 1 chagua samaki.

Malighafi nayo: grafaiti ni nyepesi na inapitisha mguso mpaka mkononi, fiberglasi ni nzito kidogo, laini, ngumu kuvunjika, na mguso unauona kwa macho zaidi kuliko kuusikia. Mwanzoni mwenye watoto wa kwenda nao namshauri fiberglasi bila kusita.

Angalizo: samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965 ni wolai, na maduka yanajua hilo, kwahiyo ukuta mzima wa fimbo utakaoukuta nusu yake au zaidi ni za wolai. Mwenye duka akikupa "inayofaa samaki wote" mara nyingi ni ML au M, hiyo ndo niliyokaa nayo mimi asubuhi nzima.

4. Fanya jaribio la kijigi, hapohapo dukani

Hii ndo hatua yenyewe. Ukiruka zote usiruke hii.

Chukua ule mshipi wako, upitishe kwenye pete ya nchani tu, ufunge kijigi cha milimita 4, hicho kina kama gramu moja. Shika fimbo kama utakavyoishika ziwani, ilale usawa wa sakafu, mkono mwingine ushike mshipi usiteleze, kijigi kining'inie. Tazama ncha kwa ubavuni.

Inatakiwa iiname kidogo. Sio kupinda kama upinde, inainama tu, nusu inchi mpaka inchi moja, kama kichwa cha mtu anayesinzia. Ikibaki imenyooka kama hujafunga kitu, rudisha ukutani, hiyo fimbo haitakuonyesha kitu. Ikipinda mpaka chini kijigi kimeshamaliza ncha yote na samaki akija hana cha kuongeza, hiyo ni laini mno kwa kijigi hicho, jaribu cha milimita 3 ambacho ni kama nusu gramu, labda ndo saizi yake.

Kwanini iiname kabla hata ya samaki? Kwasababu panfishi na hasa krapi mara nyingi anakuja kutokea chini, anachukua chambo na kupanda nacho. Hakuvuti! Anakupunguzia uzito. Ncha iliyokuwa imeinama inanyanyuka taratibu inanyooka, ukiona hivyo inua, samaki yupo. Fimbo ngumu ilikuwa imenyooka tangu mwanzo kwahiyo haina pa kunyanyukia, mshipi unalegea kidogo tu na wewe unaangalia simu.

Jaribu sasa mwenyewe, kijigi kikiwa kinaning'inia weka kidole chini yake ukiinue kwa nywele moja tu. Ncha imepanda? Umeona bila kukodoa macho? Chukua hiyo. Rudia ukiwa umevaa glavu. Mimi huwa nafanya kwa fimbo sita saba na wala sioni haya, wauzaji wanaojua kazi wanasogea kuangalia.

Kama unanunua mtandaoni huwezi kufanya hivi, basi nunua sehemu wanayopokea kurudishiwa na ufanye jaribio siku boksi linafika, kabla hujatoa lebo.

5. Springi ya nchani: unaihitaji au la?

Kuna kiwaya chembamba au kisahani cha chuma kinachofungwa nchani, kinacheza kwa mguso mdogo kabisa. Kwa blugili wavivu wa katikati ya msimu, Januari na Februari, kinasaidia sana na kinaweza kuokoa fimbo ngumu uliyonayo tayari, kwahiyo kama umeshanunua vibaya usitupe, jaribu springi kwanza ni dola chache tu. Ubaya wake, nje kwenye upepo kinachezacheza ovyo, na kinakusanya barafu. Kama fimbo yako imefaulu hatua ya 4 kwa kijigi cha milimita 3 hauihitaji.

6. Pete na mpini

Pete za kupitishia mshipi ziwe na tundu kubwa kiasi, hasa ya nchani. Maji yanapanda na mshipi yanaganda kwenye pete, ndogo inaziba baada ya samaki watatu. Pitisha mshipi uuvute huku na huku, usikwaruze.

Mpini wa koki au wa povu vyote sawa, usiwe chuma tupu pale unaposhika. Weka kidole kimoja mbele ya rili uone fimbo inatulia usawa, ikiwa nzito mbele utachoka kiganja na ukichoka unalaza ncha, ukilaza ncha huoni.

7. Rili

Ndogo, zile za namba 500 mpaka 1000. Kitu cha kupima: breki ilegezwe mpaka uvute mshipi kwa vidole viwili utoke laini bila kushtukashtuka. Kwa mshipi wa paundi 2 breki inayoshtuka ndo inayokata.

Kuna aina nyingine, rili ya gurudumu inayoachia mshipi moja kwa moja bila kuusokota. Rili ya kawaida inasokota mshipi kila unapokunja, na kijigi chepesi kikiwa chini kinazunguka kama pia, blugili anakuja anakitazama kinazunguka anageuka anaondoka. Ya gurudumu haina shida hiyo. Kwa maji ya chini ya futi 15 naipenda kuliko kitu kingine, kwa mabonde marefu inachosha kukunja. Ya kwanza nunua ya kawaida tu.

8. Mshipi

Paundi 2 blugili, paundi 3 karibu kila kitu, paundi 4 krapi wakubwa na pechi wa kina. Monofilamenti au fluorokaboni. Wa kusukwa unanyonya maji na unaganda nje, acha kwanza. Usiweke wa paundi 6 "kwa usalama", mshipi mnene haunyooki na kijigi cha gramu moja, unabaki na mikunjo kama waya wa simu ya mezani na kila mkunjo unameza mguso mmoja.

9. Siku ya kwanza barafuni

Shusha kijigi mpaka kinagusa chini, pandisha futi moja, tulia. Kabla ya yote angalia ncha ilivyo ikiwa haina samaki, ikariri. Hiyo picha ndo utakayolinganisha siku nzima. Halafu cheza kidogo, tulia sekunde kadhaa, cheza, tulia. Mguso mwingi unakuja pale ulipotulia.

Makosa yanayovunja fimbo, nimeyaona yote

Kukunja mshipi mpaka kijigi kinagonga pete ya nchani, tak, ndo ncha imekwenda. Kuinua samaki kwa fimbo kutoka tunduni ukiwa umeisimamisha wima, mshike samaki kwa mkono pale kwenye mdomo wa tundu. Kugonga fimbo kwenye ndoo ili barafu itoke. Na kubwa kuliko zote, kuirusha kwenye sledi (kile cha kuburuzia mizigo juu ya barafu) bila mfuko halafu keekee ya barafu inalala juu yake. Nunua kasha gumu, hata bomba la plastiki lenye kifuniko linafaa.

Mambo yakikataa

*Mashine ya kutafutia samaki inaonyesha yuko kwenye chambo ila ncha imetulia.* Punguza kijigi saizi moja, kata chambo kiwe kidogo, funza mmoja tu. Bado? Inua kiganja polepole inchi mbili kila baada ya sekunde tano, ukisikia uzito wowote endelea kuinua. Bado tena, weka springi.

*Nanasa krapi wanachomoka njiani.* Breki imekaza au unakita kwa nguvu. Legeza, na badala ya kukita inua tu mkono. Usiache mshipi ulegee hata kidogo mpaka afike juu.

*Ncha inacheza yenyewe.* Upepo huo. Kaa mgongo ukiupa upepo, shusha ncha mpaka inakaribia maji, panda mpaka kijigi cha milimita 5, toa springi.

*Pete zinaganda kila dakika.* Ichovye ncha ndani ya maji ya tundu, maji ni ya moto kuliko hewa, barafu italegea, halafu minya kwa vidole. Usivute kwa nguvu na usiweke mdomoni.

*Rili nzito, inakunja kama ina uji ndani.* Grisi imeganda. Nyumbani ifungue, ifute grisi yote, weka tone moja la mafuta mepesi ya baridi. Na usiingize rili yenye maji kwenye gari la moto halafu uirudishe nje, ndo inavyoganda zaidi.

*Kijigi kinazunguka hakitulii.* Mshipi umejisokota. Kishushe mpaka chini ya tundu, acha kining'inie dakika nzima kijisokotoe chenyewe. Kikianza tena baada ya samaki wawili, kata mshipi wote weka mpya, na safari hii ukiuweka kwenye rili ushike kwa kitambaa chenye maji uingie umekaza.